Mkono wa Mdogo Mtu

Jumatatu nilifika maabara yetu ya migomba, Butimba, nikawakuta ndugu wawili kwenye benchi la wageni, mashati sare, mafaili magotini. Walikuwa protini. Sikushangaa sana, nchi hii kila atafutaye kazi huanzia kwenye benchi.

Nilishawajua kwenye makaratasi. Ni wa ukoo mmoja, na kazi yao ni kupapasa uzi wa DNA ndani ya seli, herufi baada ya herufi. Pale mkono unapotambua mpangilio wake, hushika na kuamsha jeni. Kaka mtu huamsha jeni la kupambana na mnyauko, ugonjwa unaoua migomba. Mdogo mtu huamsha la kuivisha ndizi. Mikono yao inatofautiana kidole kimoja tu.

Mimi nilimhitaji kaka mtu. Mgomba kwenye pipa nje ya dirisha ndio pekee uliobaki wa kibanja, shamba la migomba la marehemu baba, kule Kagera. Baba mdogo aliuleta ukiwa chipukizi, ameupakata kwenye basi njia nzima. Sasa ulikuwa na mkungu mchanga, na majani yameanza kulegea.

Tukamweka kaka mtu kwenye friji asubiri zamu, maana protini haziwezi joto. Umeme ukakatika siku nzima. Tulipomtoa alikuwa amelegea, vidole vimekunjuka, hajui hata jina lake.

Bosi wangu, Dokta Lwakatare, hakutikisika. "Mdogo wake si yupo? Kwetu baba akikosekana, baba mdogo anasimama. Kwenye posa anasimama, kwenye msiba anasimama. Atashindwa na mgomba?"

"Dokta, mkono wake hausomi yale maandishi."

"Renatha, damu ni damu."

Mdogo mtu naye angekataaje kumsimamia kaka yake? Alivua viatu akaingia ndani ya seli za mgomba. Kwenye skrini tulimwona akifika kwenye jeni la mnyauko. Akapapasa mara tatu, akaomba radhi, akapita. Mbele kidogo akashika kwa nguvu, akatabasamu.

Kesho yake mkungu mzima ulikuwa umeiva, ndizi ndogo, tamu ajabu. Alhamisi mgomba ukaanguka. Nililia bila aibu.

Mdogo mtu alikuja kunipa pole. "Dada, nilifika mlangoni. Nilipapasa nilivyoweza. Mkono haukuujua."

Nilikuwa nimemwandalia tusi, nikamkumbuka baba mdogo. Baba alifariki nikiwa na miaka tisa, na baba mdogo akasimama kila mahali, kuanzia kipaimara mpaka mahafali. Kubembeleza hakujua. Nikilia, alikuwa ananiletea ndizi mbivu, nami nazitupa uani kwa hasira kwamba yeye si baba.

Nikampigia simu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mgomba unaendeleaje?"

"Umekufa."

"Ndizi zake je, ziliiva?"

"Ziliiva, tamu sana. Nimekuwekea chane moja," nikasema. "Nyingine nimekula zote, baba mdogo. Sikutupa hata moja."