Kula, Adyeeri

Alfajiri Rusoke, mfuata nyayo za sokwe wa hifadhi, alikuta viota vyao vitupu juu ya miti. Akainama, akatazama alama za vifundo vya vidole kwenye matope, akafuata makapi ya tini yaliyotafunwa na kutemwa. Kadiri alivyofuata ndivyo miguu ilivyozidi kuwa mizito. Njia ilikuwa inatoka msituni, inaelekea kwake.

Nyuma yake walikuja wageni watalii, barakoa usoni wasiwaambukize sokwe maradhi, na askari wa hifadhi, Tumwine.

"Araali, mbona unasuasua?" Tumwine alimuuliza Rusoke. "Wageni wamelipia sokwe, hawakulipia mgongo wako."

"Wameingia shambani kwangu, afande."

"Afadhali! Huko watawaona vizuri."

Waliwaona vizuri kweli. Sokwe walikuwa wameketi katikati ya mahindi mabichi, wakivunja na kumenya kama wenye mali. Mbele yao wote alikuwa jike mzee, Adyeeri. Rusoke mwenyewe ndiye aliyempa jina hilo. Miaka mingi alishinda kwenye mvua akijifanya kutafuna majani mbele yake, mpaka sokwe huyo akaacha kuwakimbia watu. Siku hiyo Rusoke alifurahi, akampa empaako, jina la heshima ambalo kila Mtooro analo, kama yeye alivyo Araali na mkewe Abwooli. Mchuma janga hula na wa kwao. Ila hapa wa kwao ndio waliokosa cha kula.

Mkewe, Kabasinguzi, alitokea na debe na fimbo. Akalipiga kwa nguvu. Adyeeri akageuza kichwa, akaendelea kumenya.

"Mnyamazishe huyo mama!" Tumwine alinong'ona. "Wakikimbia, kesho usije kazini."

Juzi tu Rusoke alikuwa ameomba fidia ofisini, akaambiwa mfanyakazi wa hifadhi hawezi kuidai hifadhi. Mshahara wenyewe haukutosha unga. Akapita kati ya mabua, akalishika debe.

"Abwooli, tafadhali. Waache wageni wamalize saa yao moja waliyolipia."

"Na watoto wamalize nini?"

"Naona aibu, mke wangu. Lakini nyamaza."

Kamera zikalia. Mgeni mmoja akamwinulia Rusoke dole gumba.

Kabasinguzi akaliachia debe. Tangu aolewe hakuwahi kumwita mumewe kwa jina tupu. Kwao hata kwenye ugomvi watu huitana kwa empaako. Akamgeukia sokwe.

"Kula, Adyeeri," alisema kwa upole. "Kula ushibe."

Kisha akamtazama mumewe.

"Nawe, Rusoke, nipishe nipite."