Supu Nyeupe

Jiko la kukodi lilikuwa uchochoroni nyuma ya hospitali ya saratani. Ndugu wa wagonjwa walibanana humo, kila mmoja na sufuria yake. Qiu Lanxiang alikuwa anamkorogea mumewe, Shouping, supu ya samaki, nyeupe kama maziwa, isiyo na chumvi wala pilipili. Kwao Hunan, kusini mwa China, mtu huonja pilipili kabla meno hayajaisha kuota. Lakini wazee husema pilipili huamsha ugonjwa uliolala, na wifi yake, Sufen, alikuwa amekuja kwa treni kuhakikisha hauamshwi.

"Asipokula leo, daktari ataahirisha dawa tena," Lanxiang alisema. "Anasema mwili hauna nguvu ya kuibeba."

"Mbembeleze. Wewe si ndiye mke?"

"Wifi, nimebembeleza mpaka ulimi umeota sugu."

Mzee Bao, mwenye jiko, akaguna. "Supu hiyo hata mimi mzima ningeikimbia. Muuguzi si alisema ale anachokitamani?"

"Muuguzi ndiye atakayevaa nguo za msiba?" Sufen akamkatiza.

Sufen hakuwa mtu mbaya. Alikwisha kumzika kaka mmoja.

Alipotoka kwenda kununua tende, Lanxiang alifungua kikapu. Chini, ndani ya sweta, ilikuwapo chupa ya maharage mabichi yaliyochachushwa kwa pilipili, aliyoibeba kutoka nyumbani. Akasita. Mumewe akizidiwa, lawama zote zitamwangukia yeye. Kisha akachota kidogo, akaweka juu ya wali laini.

Mlangoni mwa wodi alimwonyesha muuguzi. "Hana vidonda mdomoni," muuguzi alisema. "Mpe."

Shouping alikuwa ameelekea ukutani. Harufu ilipomfikia, akageuka.

"Mama Ruiying! Umeiba wapi?"

"Kula kabla dada yako hajarudi."

Alikula kijiko, akafumba macho. Akala cha pili, na cha tatu. Halafu akalisukuma bakuli kwa mkewe.

"Zamu yako."

"Mimi nimeshakula."

"Umekula nini? Unakaa kwenye ngazi unakunywa mabaki yangu. Nakuona. Suruali yenyewe umeifunga kwa kamba."

"Supu ni ya bei, siwezi kuimwaga."

"Ni mbaya, sikatai. Lakini ningeimaliza, wewe ungekula nini?"

Lanxiang alishika kijiko asijue akipeleke wapi. Siku zote hizo alidhani anaikataa supu tu, kumbe alikuwa akimwachia yeye.

"Lanxiang!" Sufen alikuwa mlangoni, tende mkononi, akinusa. "Hiyo ni pilipili?"

"Dada, usinipigie kelele," Shouping alisema. "Nakula."

Sufen alitazama midomo ya kaka yake, ilivyokuwa myekundu.

"Anakula," alisema taratibu, kama anayempa mtu mwingine habari. Akaketi miguuni pa kitanda. "Mwongezee wali, basi. Pilipili tupu itamchoma tumbo." Akamtupia Lanxiang jicho. "Na wewe lete bakuli lako. Mnakula kwenye chombo kimoja kama kuku?"