Mshipa wa Nyuma ya Taya

Mshipa unaopeleka damu kwenye macho ya paka hupita mahali pa kijinga. Unapenya kati ya kona ya taya na mfupa wa sikio, na paka akiachamishwa mdomo mpaka mwisho, kona ile inaubana. Mbwa na binadamu wana njia nyingine shingoni ya kufikisha damu kichwani. Ya paka hujifunga angali mdogo. Haya nayajua kama jina langu, ndiyo maana siwezi kujitetea.

Paka mwenyewe ni Bosi, wa mama yangu. Tangu baba afariki, mama hana mwingine wa kumsemesha nyumbani. Bosi ana kiburi cha mwenye nyumba: habebwi, ila huwaruhusu watu kumbeba. Meno yake ya nyuma yalioza, akaacha kula. Mama akamleta kliniki ninakotibu wanyama, ndani ya kikapu cha nguo, akaniambia, "Wewe ndiye ninayekuamini. Hao wengine wanabahatisha tu."

Kliniki yetu ina sheria. Paka huwekewa kipande kifupi cha plastiki kati ya meno, mdomo uwe wazi kiasi. Springi ya kupanulia mdomo ni ya mbwa. Sheria hiyo niliiandika mimi, nikaibandika ukutani kwa mkono wangu. Lakini jino la mwisho lilikatika, mzizi ukabaki ndani, nami sikuuona vizuri. Nikachukua springi. Dakika mbili tu, nikajiambia. Mzizi ukagoma, hasira zikanipanda, nikakazana nao kama mtu anayegombana na wifi yake. Nilipotazama saa, dakika thelathini na tano zilikuwa zimekwenda.

Bosi alizinduka kutoka usingizi wa dawa mchana. Akasimama, akatembea moja kwa moja hadi ukutani, akagonga pua. Nikammulika tochi. Mboni zilikuwa zimetanuka, nyeusi tii, wala hazikusinyaa. Nilimchoma sindano ya kupunguza uvimbe, nikasubiri siku tatu, nikimdanganya mama kwamba naangalia kidonda.

Siku ya nne nikampeleka. Mama alishamtandikia blanketi kwenye kiti chake. Nilipomweka sakafuni, Bosi akajigonga kwenye mguu wa meza. Mama akamtazama yeye, kisha akanitazama mimi.

"Haoni," akasema. "Ni uzee, eti?"

Ningeitikia tu, yangekwisha.

"Hapana, mama. Ni mimi." Nikamwonyesha kwenye taya langu mahali mshipa unapopita. Nikamweleza springi, na mzizi, na saa.

"Ulikuwa hujui?"

"Nilijua."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana. Akakaa sakafuni kwa taabu, na magoti yake yale mabovu, akanyoosha mikono na kumwita Bosi taratibu. Mimi nikaanza kuomba radhi na sikuweza kuacha: nisamehe mama, nitamtunza mimi, nitakuja kila siku.

Bosi akasimamisha masikio. Siku tatu kliniki nilikuwa nikimlisha kwa mkono huku nikimsemesha, na gizani mle sauti aliyoizoea ilikuwa yangu. Akageuka, akaiacha mikono ya mama, akaanza kunifuata akipapasa sakafu kwa mguu wa mbele.

"Nyamaza, mwanangu," mama akasema. "Ukiongea anakuja kwako."