Baba Mkwe Uwanjani

Mke wangu Hyasinta anaanika dagaa ufukweni Mwigobero, na mkono wake una nguvu kuliko wangu. Kwa hiyo nguvu haikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba nilipoanza kumfundisha gofu, kila akishika fimbo ya chuma alichimba udongo kwanza, ndipo aufikie mpira, nao ukajikokota mbele kama kuku mgonjwa.

Mimi nimebeba mifuko ya wacheza gofu Mwanza miaka mingi, ugonjwa huo naujua. Mtu anaegemea mguu wa nyuma, kiuno kimeganda, mikono peke yake ndiyo inahangaika. Nikamfunga kanga kiunoni, fundo mbele, nikachora mstari wa majivu mchangani, nyuma kidogo ya mpira.

"Mstari usiuguse," nikamwambia. "Na ukimaliza kupiga, fundo litazame kule mpira ulikoenda."

Alicheka, akasema kiuno cha hivyo ni cha ngomani. Lakini alikizungusha. Kabla mvua hazijaanza, chuma kilikuwa kinakutana na mpira kwanza, mchanga baadaye, na mlio wake ulikuwa mtamu jamani.

Kisha klabu moja ya gofu ya Arusha ikatangaza kwamba itachukua mwanamke mmoja wa Mara, imfundishe na kumlipa mshahara. Majaribio yangefanyika Butiama, kwenye uwanja wa shule, kwa fimbo moja tu, chuma namba saba, mipira mitatu kila mtu.

"Baba Rebeka, nafasi hii naitaka mwenyewe," Hyasinta akaniambia. "Dagaa nimeanikaga tangu niko mdogo. Imetosha."

Siku yenyewe, zamu yake ikiwa imekaribia, nikamwona baba yangu anashuka kwenye bodaboda. Mzee Apolinary, kutoka Murangi kote huko, amevaa koti lake la kanisani.

"Nimekuja kumuona mkwe wangu," akasema, akaenda kusimama kwenye kamba ya watazamaji, nyuma ya Hyasinta kabisa.

Kwetu mwanamke hazungushi kiuno mbele ya baba mkwe. Anapita pembeni, anainamisha macho, basi. Hyasinta alipiga goti akamsalimia, kisha akachukua kanga akajifunga juu ya suruali kujisitiri, akaikaza. Hapo nikajua tumekwisha.

"Baba, twende tukanywe soda kule kivulini," nikasema.

"Soda ndiyo nimeifuata huku? Acha nimuone mwanangu."

Ningemwambia nini? Ondoka, baba, mke wangu anataka kuzungusha kiuno? Maneno hayo mtoto hamwambii baba yake hata akiwa amelewa. Nikamkimbilia msimamizi, dada mmoja wa Arusha, nikamwomba watazamaji wasogezwe.

"Yule ni baba mkwe wake?" akauliza. "Wa kwangu hata kazi yangu haijui! Mwache mzee wa watu." Akapuliza filimbi.

Walimu tulikatazwa kusema neno. Hyasinta akainua fimbo kwa mikono peke yake, kiuno kimetulia kama cha mtu aliye kanisani, na chuma kikala udongo. Mpira wa pili hivyo hivyo. Akageuka kunitazama, na hakuwa anaomba ushauri, maana kosa lake alilijua vizuri kuliko mimi. Aliomba nimwondolee yule mzee. Nikatazama viatu vyangu. Nilikuwa na hasira ya kuvunja kitu, na hakukuwa na hata mtu mmoja pale wa kumkasirikia.

Kwenye mpira wa mwisho alianza kugeuka, nikaona nyonga inafunguka.

"Haya mwanangu!" baba akapaza sauti kwa furaha.

Nyonga ikajifunga. Udongo ukaruka, mpira ukabaki pale pale.

Nafasi akaipata binti mmoja wa Bunda. Baba akatusogelea, akasimama mbali kidogo na mkwe wake kama inavyotakiwa.

"Usihuzunike, mama," akamwambia. "Wale wenzako nimewaona, aibu tupu. Wewe umepiga kwa adabu. Wakiita tena mniambie mapema, nije nisimame karibu zaidi."

Hyasinta akapiga goti.

"Asante, baba," akasema.