Orodha ya Tatu

Asubuhi ile Batuli alikuwa anapanga upya jinsi mtambo wa ujumbe wa sauti unavyotafuta watu. Kampuni ya malori pale Mtendeni ilikuwa na orodha mbili, ya ofisini na ya madereva. Mtu akipiga akataja jina, mtambo unaanza ofisini, ukikosa unashuka kwa madereva. Jana yake bosi Raymundi alikuwa ameagiza madereva waliotoroka wafutwe.

Aliyehesabiwa ametoroka alikuwa mmoja tu, Lukumani, mume wake Batuli. Aliondoka na lori la saruji kwenda Kigoma. Hii ilikuwa siku ya kumi na saba, yeye haonekani, lori halionekani.

"Bosi, tuma basi hata mtu mmoja akamtafute njiani."

"Nimtafute nani, Batuli? Tangu jana dereva huyo hatuna."

Batuli akarudi kwenye kiti chake. Alipofuta jina, akaona chini ya zile orodha mbili kuna ya tatu, ndefu kuliko zote: Wapagazi. Akaipanga itafutwe mwisho, akahifadhi, akajaribu mtambo kama inavyotakiwa.

"Taja jina la mpokeaji," mtambo ukasema.

Jina la mumewe hakuwahi kulitamka tangu waoane, na leo pia ulimi ulikataa. "Baba Najiat," akasema.

Ofisini, hayupo. Madereva, hayupo. Wapagazi, yupo. Huko kila mtu aliandikwa kwa jina analoitwa na anayemsubiri nyumbani.

"Mama Najiat," Lukumani akasema, "zile breki nilizowaambia zilikatika kabla ya daraja la Malagarasi. Nilikufa palepale. Saruji imenilalia. Waje wanitoe, nioshwe, nizikwe."

Nyuma yake zilisikika sauti za wanaume wengi, wale waliobeba pembe za ndovu enzi za misafara.

"Huyu mgeni analia nini?" mmoja akasema. "Mzigo wenyewe alibebewa na gari!"

Wakacheka. Halafu mmoja mmoja akasogea kwenye simu. Mwambieni mama, Ujiji sikufika. Mwambieni mke wangu asiniwekee chakula.

Batuli akasema innalillahi, akavuta daftari, akaandika yote chini ya maombi ya matairi. Zikajaa kurasa nne. Akampelekea bosi.

Raymundi akasoma mpaka mwisho. "Orodha hiyo siku zote ipo," akasema. "Iache hapohapo mwisho, isichanganye wateja."

"Na mume wangu?"

"Kama yuko huko, si ndiyo maana kwa madereva hayupo?" Akafunga mlango.

Batuli akakaa, akashika mkonga wa simu, akamtaja bosi. Mtambo ukampata hapohapo.

"Mume wangu yuko Malagarasi, kabla ya daraja, chini ya saruji," akasema. "Tumeni watu wakamtoe."

Ng'ambo ya ukuta simu ya bosi ikalia mara moja, kuarifu kwamba kuna ujumbe. Akasikia kiti kikisogezwa. Ikaadhiniwa adhuhuri, ikaadhiniwa alasiri, na kwenye mtambo bado palikuwa pameandikwa: haujasikilizwa.