Seneta Schlake Hakusema Ndiyo

Daktari Delmar Kucera alikuwa mtu mwema, na hilo tulitamke kabla hatujamsema. Kwa karibu miaka arobaini alitibu meno ya watu wa Kessler, mji mdogo wa wafuga ng'ombe magharibi mwa Nebraska, na hakuna mtoto pale aliyeng'olewa jino bila kusimuliwa mechi ya Jumamosi kuanzia filimbi ya kwanza. Aliongea tangu mgonjwa anakaa kitini mpaka anatema maji ya mwisho. Mgonjwa naye, mdomo umejaa pamba na bomba la kunyonya mate, angefanya nini? Alitikisa kichwa. Aliguna. Daktari akaridhika, akaendelea. Ongea na watu wa namna hiyo kutwa nzima, mwaka nenda mwaka rudi, utaanza kuamini kwamba dunia yote inakubaliana nawe.

Februari ile alikwenda Lincoln, kwenye bunge la jimbo, pamoja na madaktari wenzake wa meno, wote ndani ya makoti meupe kama walivyofanya kila mwaka. Safari hii walikuwa na muswada. Kampuni za bima zilikuwa zimezoea mchezo mmoja mchafu: daktari anauliza kabla ya kazi, je, jino hili mtalilipia? Zinajibu kwa maandishi, tutalilipia. Jino likishatengenezwa na mgonjwa kwenda zake, zinageuka. Muswada ulisema bima ikishakubali, imekubali. Sikuona ubaya wake mimi, wala sijui nani mwenye akili timamu angeuona, lakini kampuni zile nazo zilikuwa na watu wao waliotinga suti nzuri wakizunguka kwenye korido zile zile.

Kwa Kucera, habari yote ilikuwa ni Janelle Oltmans. Janelle alikuwa daktari kijana aliyefanya kazi naye mwaka wa nne sasa, mkono wake mwepesi, wagonjwa wanampenda. Mzee alitaka kumwachia kliniki, yeye mwenyewe awe anakuja siku mbili kwa wiki. Janelle akiondoka, Kessler haina daktari wa meno, na bibi mwenye jino linalomuuma atapaswa kuendesha gari kwa muda wa saa mbili kwenye barafu. Janelle alikuwa anasitasita, na Kucera alijua sababu: bima zimemkatisha tamaa. Nani alimwambia hivyo? Hakuna. Alijua tu.

Bunge la pale lina utaratibu wake. Ukimtaka seneta, maana ndivyo wanavyoitwa wabunge wa jimbo lile, unamwandikia kikaratasi, mlinzi wa mlangoni anakipeleka ndani, nawe unasubiri kwenye ukumbi wa marumaru mpaka seneta atoke, kama atapenda. Kucera, Janelle akiwa pembeni yake, alipeleka kikaratasi kwa Roberta Schlake, seneta wa wilaya ya jirani, mfugaji mwenye mabega mapana na miwani iliyofungwa kamba. Mama huyo alikuwa kwenye kamati iliyoshika muswada, na kura yake haikujulikana.

Akatoka. Aliwapa mikono wote wawili, Kucera na Janelle.

"Daktari, karibuni. Muswada wenu nimeusoma, ila kuna jambo moja..."

"Mheshimiwa, ahsante sana kwa kuusoma!" Kucera akadakia. "Maana wengine hapa hawasomi. Sasa nikupe kisa cha mkulima wangu mmoja, jino la nyuma, limeoza mpaka mzizini..."

Akatoa kisa cha mkulima. Akatoa cha mke wa mkulima. Schlake alifungua mdomo, akaufunga.

"Dokta," Janelle alisema taratibu, "nadhani mheshimiwa alitaka kuuliza..."

"Anajua, anajua, si ndiyo, mheshimiwa? Wewe unatoka kwa watu kama wetu. Haki ni haki."

Seneta akatikisa kichwa. Akaguna. Kengele ikalia ndani, akasema samahani, akarudi bungeni.

"Umeona?" Kucera alimwambia Janelle, kifua mbele. "Huyo tayari ni wetu."

Janelle alikuwa akiutazama mlango wa kioo uliofungwa. Hakujibu, na mzee hakuona kwamba hakujibu.

Gil Pruett, mtu aliyeajiriwa na chama cha madaktari kufuatilia mambo ya bunge, alikuwa amesimama karibu na nguzo akingoja habari. Gil alikuwa amekula chumvi nyingi kwenye ukumbi ule.

"Schlake vipi?"

"Yuko nasi."

"Amesema kwa mdomo wake? Usinitanie, Daktari. Tukiupeleka muswada kwenye kura leo bila yeye, tumekwisha. Bora tungoje wiki ijayo nimfuate mwenyewe."

"Gil, bwana, nimemtazama usoni. Amekubali."

Gil akamgeukia Janelle, lakini Kucera alikuwa ameshamshika Gil bega, anampeleka kwa seneta aliyeuleta muswada. Kura ikaitishwa alasiri ile ile.

Walingoja nje ya chumba cha kamati. Kucera aliwasimulia wenzake jinsi alivyompata Schlake, na kila aliposimulia, kile kichwa cha mama kilitikisika zaidi. Mlango ulipofunguliwa, Gil alitoka wa kwanza, uso umemshuka.

"Tumeanguka kwa kura moja," akasema. "Schlake amekataa."

Schlake mwenyewe alipotokea, mzee alimkabili mbele ya watu, jambo ambalo si tabia yake.

"Mheshimiwa, uliniambia ndiyo!"

"Mimi?" Mama aliivua miwani. "Mimi sikukuambia kitu, Daktari. Ningesema saa ngapi? Nilitoka na swali moja. Ushirika wa wakulima kwetu unajilipia wenyewe matibabu ya wafanyakazi wake, hauna kampuni ya bima. Nilitaka kujua kama muswada wenu utawabana na wao. Sikupata jibu. Kitu nisichokijua sikipigii kura, hata unilie."

"Lakini hauwagusi!" Kucera akasema. "Mifuko ya waajiri wanaojilipia iko chini ya sheria ya taifa, jimbo haliwezi..."

"Aa." Schlake alimtazama kwa huruma hasa, na hilo likamchoma kuliko kama angemtukana. "Basi ningeupigia kura. Pole, Daktari. Mwaka ujao, tukijaliwa."

Akaenda zake. Gil alikunja makaratasi yake akaondoka.

Kucera na Janelle walitoka nje, kwenye ngazi, upepo ukiwapeperusha makoti. Mzee aliona aibu mpaka masikioni. Alitaka kuanza kueleza kwamba bima si mwisho wa dunia, kwamba kuna mwaka ujao, kwamba avumilie. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Akayameza, na kuyameza kulimpa shida ya kweli.

"Janelle," akasema. "Kinachokuzuia kuchukua kliniki ni nini?"

Kisha akanyamaza. Janelle naye alinyamaza, akingoja aendelee kama kawaida yake. Hakuendelea. Gari la kuondoa theluji likapita mtaani, na bado hakuendelea.

"Si bima," Janelle alisema mwishowe. "Bima nazijua, nitapigana nazo. Kessler naipenda. Kliniki naitaka, Dokta, nimeitaka tangu mwaka wa pili."

"Sasa..."

"Ngoja nimalize."

Akangoja.

"Wagonjwa wananiambia mambo ukiwa hupo. Ukiwepo hawasemi, na mimi sisemi. Siku mbili kwa wiki siziwezi. Hata moja siiwezi. Nitabaki, lakini wewe uondoke."

"Kabisa?"

"Kabisa. Nilijaribu kukuambia. Wakati wa Krismasi, na kabla ya hapo."

Alikumbuka Krismasi. Alikumbuka akiongea, na Janelle akitikisa kichwa. Kliniki ile alikuwa ameijenga kwa mikono yake, na hakuwa na mahali pengine pa kwenda asubuhi. Machozi yalimlenga, hakuyaficha. Ila alimfikiria bibi yule na jino lake, na barabara ile yenye barafu.

"Ndiyo," akasema, na hakuongeza neno.