Udongo wa Kagera

Mnara wenyewe haukuwa mkubwa. Mtu mzima akinyoosha mkono aligusa kilele. Ulikuwa na majina kumi na moja ya vijana wa Bariadi waliokwenda vita vya Kagera wasirudi. Fundi Mashimba aliyaandika kwa msumari saruji ikiwa mbichi, mwaka themanini, siku zile chama cha ushirika kilipokuwa bado na malori, ghala na sauti. Kila Siku ya Mashujaa ulipakwa chokaa na wanafunzi wakaimba mpaka wengine wakaanguka kwa jua. Kisha ushirika ukafa polepole, chokaa ikakoma, mbuzi wakapata pa kujikunia, na vyama vingi vilipoingia, kila chama kikabandika picha za wagombea wake juu ya marehemu bila hata kupiga hodi.

Marcelo aliyaona yote hayo, maana alikuwa mlinzi wa ghala lililokuwa nyuma ya mnara. Kwanza lilikuwa la ushirika, na sasa, mwaka tisini na tano, lilikuwa la Imrani, mmoja wa wale wanunuzi binafsi wa pamba. Magoti yalimuuma, mgongo ulimuuma, na zaidi ya vyote alikuwa amechoka kuwa Marcelo. Ndani ya msingi wa mnara ule palikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa udongo, na udongo ule ulikuwa uongo wake.

Alirudi kutoka vitani mwaka sabini na tisa, peke yake. Rafiki yake Masele, aliyeandikishwa naye mgambo siku moja, hakurudi. Treni ilimshusha Malampaka. Angemwambia nini Milembe, mama yake Masele? Akachota udongo kando ya reli, akajaza kopo, akafika nalo Bariadi akisema ameutoa juu ya kaburi la Masele kulekule Kagera. Milembe alilipokea kwa mikono miwili. Mnara ulipojengwa mwaka uliofuata, kopo likawekwa kwenye msingi, na kuanzia hapo mama yule akapafanya kaburi la mwanawe. Kila mwaka kabla ya kupanda alikuja na ufagio, akafagia, akamwaga maziwa kidogo, akamsimulia mwanawe habari za mvua. Na Marcelo yuko pale langoni, anasikia kila neno.

Sasa malori ya Imrani yalihitaji lango pana. Halmashauri ikakubali mnara uvunjwe na majina yaandikwe kwenye kibao kipya karibu na stendi, siku moja, fedha zikipatikana. Imrani hakuwa mtu mbaya. Alimfuata Milembe mwenyewe, akamwambia achukue kilicho chake kabla ya Jumatatu.

Milembe alikuja Jumamosi asubuhi, ameshika kamba, nyuma yake dume jekundu la ng'ombe. Bariadi nzima ilijua kuwa zizini mwake hakuna mwingine.

"Mwangaluka, mayu," Marcelo alimsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka, ng'wanone. Chimba, mwanangu. Leo Masele anarudi nyumbani. Nitamlaza karibu na baba yake, huyu nitamchinja, watu wale, walie, tumalize. Nimechoka kulia barabarani."

Marcelo akachukua sururu. Saruji ile ilikuwa mchanga zaidi ya saruji, haikumsumbua hata kidogo. Kopo likatokea limeliwa na kutu. Alilishika kifuani, akalitazama lile dume, akashindwa kumpa Milembe kopo.

"Mayu, usichinje. Huu si udongo wa kaburini. Niliuchota Malampaka, stesheni."

Milembe akalichukua kopo, akachota udongo kidogo, akausugua kati ya vidole.

"Nimelima pamba miaka arobaini, Marcelo. Unadhani udongo siujui? Wa Kagera ni mwekundu. Huu ni wa mbuga, mweusi, unanata. Nilijua siku ileile uliponipa."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Malampaka ndipo nilipomsindikiza. Mara ya mwisho nilimwona amesimama pale, na viatu vya kuazima. Nikasema, mtoto huyu hakuweza kufika kaburini, ameniletea alichoweza. Ukanitosha."

Miaka kumi na sita ya uzito ilimtoka Marcelo mabegani, na machozi yakafuata. Hapo ndipo angenyamaza, mambo yangeishia hapo. Lakini Milembe aliuliza, bila kukazia, kama anayeuliza iwapo mahindi yamekauka:

"Walimzika vizuri lakini?"

Marcelo hakuwa na nguvu ya uongo wa pili.

"Sijui, mayu. Alipigwa risasi pajani. Nilimbeba mpaka kwenye lori. Ilikuwa imebaki nafasi ya mtu mmoja, nikapanda mimi. Akasema niende tu, lori lingine linakuja."

"Lilikuja?"

"Sijui."

"Wakati unamwacha, alikuwa anaongea?"

"Alikuwa anaongea."

Milembe aliketi juu ya kifusi cha msingi. Dume likaanza kung'oa majani kando ya ukuta, naye akaliacha lile hadi liliposhiba. Kisha akainuka, mkono kiunoni, akamrudishia Marcelo kopo lake, akaigeuza kamba kuelekea njia waliyojia.

"Mayu, na mazishi?"

"Nitamzikaje mtu aliyeachwa anaongea?"

Hakusema kwa hasira, na Marcelo alitamani sana angekasirika. Angemtukana, angempiga hata kwa ile kamba, angepokea.

"Nilikuwa nimeshamaliza kumsubiri," Milembe alisema, akilivuta dume lake. "Sasa naanza tena."